Mjerumani wa Jineri na Goli la Kaka Yangu

Wiki iliyopita mjukuu wangu alifungua chupa ya samli iliyokaa kabatini mpaka ikachacha. Kabla hajamaliza kusema "Bibi, hii imeharibika," mimi nilishafika Nyasura, nimekaa kizingitini kwetu na mpira wa ngozi mapajani, vidole vinateleza kwa mafuta. Wenzangu wa umri wangu mnaijua mipira ile. Ilifungwa kwa kamba kama kiatu, ikilowa inakuwa mizito kama boga, na aliyeipiga kichwa upande wa kamba alirudi nyumbani na alama kwenye paji la uso. Wa kwetu ulipakwa samli ngozi isipasuke, na kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu mama hakutaka kaka aguse kibuyu chake. Mjukuu akaitupa ile chupa. Mimi nikatoka kukaa nje.

Miaka ile bendera ilikuwa bado mpya na watu wa Bunda walikuwa wanajifunza kuitana ndugu. Msimu wa pamba ukianza, mji mzima ulijaa vumbi jeupe, na jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, ilinguruma mchana kutwa. Kaka yangu Makuru alikuwa kibarua pale, anapakia marobota kwenye malori. Fundi wa mitambo alikuwa Mjerumani, jina lake Oto, mtu mfupi, mpana, pua imevunjika na goti la kulia halikunjiki. Huyo Bwana Oto ndiye aliyeanzisha timu ya jineri, na ndiye aliyemtazama kaka yangu akirusha marobota akasema huyu atakuwa senta fowadi, kama alivyokuwa yeye.

Bibi yetu mzaa baba hakutaka hata kulisikia jina lake. Yeye akiwa msichana aliwaona Wajerumani wale wa zamani, wa kiboko na wa vita, na mgongoni kwa marehemu babu aliwahi kukanda michirizi iliyovimba.

"Mjerumani hajagi kufundisha mchezo," alimwambia Makuru, akimwita mura kama wazee wetu wanavyomwita kijana. "Anakujaga kutafuta mgongo wa kuchapa. Mura, utakuja uniambie."

Kwa hiyo mimi, nilipoambiwa Bwana Oto alikuwa senta fowadi kwao, nilielewa kwamba ni cheo cha askari, yule anayetangulia mbele ya jeshi. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu sikumwuliza mtu. Na siku Makuru aliponichukua kwenda nyumbani kwake kurudisha mpira, nilipata ushahidi. Ukutani palikuwa na picha moja tu. Kijana yuko juu hewani, goti limetangulia, na chini yake kuna mtu ameinua mikono na kufumba macho.

"Huyu ulimuua?" nikauliza.

Makuru akanifinya mpaka nikaruka. Bwana Oto hakucheka wala hakukasirika. 

"Hapana," akasema. "Huyu aliamka."

Habari za maisha yake ya mpira alizisimulia vipande vipande, jioni baada ya mazoezi, wachezaji wamekaa chini wanakunywa uji wa jineri na mimi nangoja mpira wangu wa kupaka. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kifupi kifupi. Alizaliwa mji wa migodi ya makaa ya mawe, na mpira wa kwanza aliupiga na viatu vya mbao. Kabla ndevu hazijaota alishachukuliwa na timu ya wakubwa, na wakubwa walimpiga mateke mpaka akajifunza kuwatangulia. Halafu vita vikamchukua katika miaka ile ambayo miguu ya mchezaji ndiyo inakuwa bora, vikamrudisha bila vidole viwili vya mguu wa kushoto, vimekufa kwa baridi. Alikuta uwanja wao umechimbwa na mabomu. Wakafukia mashimo kwa matofali ya nyumba zilizoanguka, wakacheza juu yake, na aliyeanguka aliinuka na damu.

"Mshahara ulikuwa viazi," alisema. "Goli moja, viazi nusu gunia. Mama yangu alikuwa na njaa. Mimi na njaa. Golikipa amesimama mbele ya viazi vyangu."

Wachezaji walicheka sana, na yeye akacheka. Baadaye njaa iliisha, watu wakajaa viwanjani, jina lake likaimbwa na umati. Hapo ndipo alipokuwa anaharakisha. Angesimulia magoli, angesimulia goti, halafu angesema, "Kisha nikaacha," na kuinuka. Makuru aliwahi kumwuliza kwa nini aliacha. Bwana Oto akamwambia akimbie mizunguko ya uwanja mpaka atakapoitwa, na akasahau kumwita.

Alifundisha kwa ukali. Alitundika gunia la pamba kwenye mhimili wa ghala, akaliita Golikipa, na Makuru alilirukia kila jioni. "Goti mbele!" Bwana Oto alipiga kelele. "Goti linakulinda. Usifumbe macho! Yeye ndiye afumbe." Gunia lilikuwa linaning'inia na kurudi, nalo lilimwangusha Makuru mara nyingi kuliko alivyoliangusha. Alikuja nyumbani mdomo umepasuka, anatabasamu. Siku alipolipasua gunia kwa goti, pamba ikamwagika, vijana wakambeba mabegani. Baba alifurahi. Alikuwa mtu wa ng'ombe, hakuuelewa mpira, lakini kijana anayerukia kitu bila kufumba macho alimwelewa.

Mechi na timu ya Musoma mjini ilichezwa sikukuu ya Saba Saba. Tulipanda juu ya marobota kwenye lori la jineri, tukaimba njia nzima. Golikipa wao aliitwa Masatu, kijana wa Buhare, mrefu, mikono imekomazwa na kuvuta nyavu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya goli lake akaja kunichungulia.

"We mtoto, umekuja kumshangilia nani?"

"Makuru. Kaka yangu."

"Basi leo atalia huyo. Andaa kitambaa umfute." Akanipa nusu ya chungwa lake akarudi golini.

Ilikuwa mechi ya kupigana. Mvua ilinyesha kidogo, mpira ukalowa, na kila walipougombania niliusikia ukigonga mifupa. Kijana wetu mmoja alitolewa amevunjika taya. Mchezaji wao mmoja alitapika pembeni akarudishwa ndani. Watu walikuwa wameingia mpaka kwenye mistari na fimbo zao za kuchungia, na refa alikuwa anaangalia zaidi njia ya kukimbilia kuliko mpira. Mwishoni ikapigwa kona. Masatu alitoka na ngumi zake, Makuru akaruka, goti mbele, macho wazi. Mlio uliotoka sijausahau. Ulikuwa mlio wa gunia.

Mpira uliingia. Masatu alilala kidogo, akainuka, akajipangusa tope tumboni, akampa Makuru mkono. Nililiona hilo kwa macho yangu, na miaka yote nimewaambia watu, alimpa mkono.

Kipenga cha mwisho kilipolia mawe yakaanza. Bendera za kona ziling'olewa zikawa marungu. Dereva wetu alipigwa tofali akaanguka kwenye usukani, honi ikalia mfululizo. Bwana Oto alisimama nyuma ya lori, damu inamtoka sikioni, anawavuta vijana wake kwa jezi mmoja mmoja kama anapakia mizigo. Mimi nilikuwa chini ya lori nimeshika gurudumu. Sikuogopa sana, maana nilidhani ndivyo mpira unavyomalizika. Nilikuwa sijawahi kuona mechi nyingine.

Kesho yake basi kutoka Musoma lilileta habari kwamba Masatu amekufa alfajiri. Tumbo lake lilijaa damu kwa ndani. Polisi walimchukua Makuru, wakamhoji, wakasema ni ajali ya mchezo, aende zake. Alirudi nyumbani akakaa nyuma ya zizi, hakula.

Bwana Oto alipata habari akiwa karakana. Vibarua walisema aliingia ghalani na panga, akalikatakata gunia jipya lililokuwa limetundikwa, mpaka akawa amesimama katikati ya pamba anahema. Kisha akaja kwetu kwa miguu. Akakaa na Makuru nyuma ya zizi, na kwa sababu mimi nilikuwa nakama mbuzi pale, nilisikia yote na sikuelewa hata nusu.

"Mwaka wangu wa mwisho," alisema, "golikipa mmoja. Goti hili. Aliishi siku chache. Wakubwa wa mpira wakasema sina kosa. Jumapili iliyofuata nilicheza. Nilifunga. Watu waliimba jina langu, Makuru. Waliimba."

"Na ndugu zake?"

"Nilingoja. Kila jioni nilikaa mlangoni nangoja waje na fimbo. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyeniomba kitu. Nikaacha mpira, nikaacha mji, nikaja mbali."

Kwetu walikuja. Walikuja jua bado liko juu, saa ng'ombe wanarudi, kaka zake Masatu na binamu zao, nyuso zimepakwa majivu. Makuru alikuwa jineri. Walianza na ng'ombe. Walizikata kano za miguu ya nyuma, na wanyama wale hawakuanguka mara moja, walijikokota kwa miguu ya mbele wakilia kwa sauti ambayo sikujua ng'ombe anayo. Baba alitoka na mkuki, wakamvunja mkono kwa rungu, kisha mbavu. Bibi aliwalaani, mmoja akamsukuma kwenye makaa ya jikoni. Nyumba ya mama ikawashwa. Mimi mama alikuwa amenitumbukiza kwenye kihenge cha mtama, nikawa nazama kwenye nafaka mpaka kifuani. Kifuniko kikainuliwa. Alikuwa kaka mkubwa wa Masatu, aitwaye Nyamhanga, panga lake lina damu ya ng'ombe. Tukatazamana. Akakirudisha kifuniko taratibu.

Nikamsikia akimwambia baba pale chini, "Kumbe mnaye mtoto wa kike."

Neno hilo ndilo lililokuwa bei yangu. Wazee wa pande zote mbili walikutana Butiama, katikati ya njia, damu isiendelee. Desturi ya huko kwetu zamani ilikuwa hivi: aliyeua, hata kwa bahati mbaya, ukoo wake unatoa ng'ombe, na damu ikiwa ya kijana ambaye hajaoa, unatoa na mtoto wa kike. Mtoto anakwenda kulelewa kwa wafiwa, anakuwa wao. Akikua, mahari yake inaoa mke wa kumzalia marehemu watoto wa kubeba jina lake. Serikali ilishaikataza. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa amesimama mkutanoni akasema mambo ya kutoa watoto yamekwisha, sasa sote ni ndugu. Watu walipiga makofi. Lakini mwenyekiti asingelala mlangoni kwetu na bunduki, na baba alikuwa na mkono mmoja mzima na ng'ombe wanaooza zizini. Akakubali nitolewe.

Hakuna aliyeniambia. Mama aliniogesha, akaninyoa, akanipaka mafuta, akanivalisha gauni jipya la maua. Kwa muda mrefu nilikuwa nalilia kwenda shule ya bweni ya masista Musoma, kama binti wa mpima pamba. Niliona gauni, nikajua nimekubaliwa. Mama alikuwa analia, nikajua ni furaha. Nilimwambia asilie, nitarudi likizo na kumsomea barua.

Desturi ilitaka mwenye damu mkononi ampeleke mtoto yeye mwenyewe, amshike mkono mpaka mlangoni. Bwana Oto alikuja na gari la jineri atupeleke, na uani akagombana na baba.

"Mtoto hakucheza," alisema. "Mtoto hakumgusa golikipa!"

Baba, ambaye Makuru alishamsimulia yaliyosemwa nyuma ya zizi, alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono umefungwa kwa vipande vya mbao. "Na wewe ulipoua kwenu, ulitoa nini?"

Bwana Oto aligeuka. Akaenda kuwasha gari.

Njia nzima niliuliza maswali. Masista wanapiga? Chakula ni ugali au wali? Makuru alikuwa ananishika mkono tangu Nyasura, akaushika kwa nguvu mpaka ukafa ganzi. Tulifika Buhare jua la mchana. Uani kwao kulikuwa na nyavu zimetandazwa, samaki wa kukausha, wanawake wamevaa kaniki, na wanaume wamesimama mstari. Mbele alikaa mama yake Masatu, mwanamke mwembamba, kichwa kimenyolewa kama changu. Nikamwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, Sista."

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Nyamhanga akaja, akanishika mkono wa pili, akavuta. Makuru hakuachia.

"Achia, mura."

Makuru hakuachia. Nyamhanga akampiga rungu la bega. Wengine wakaingia, wakampiga mgongoni, kichwani, na kila pigo nililisikia likipita mkononi mwake na kuja mkononi mwangu. Bega langu lilikuwa linataka kung'oka. Nilipiga kelele kwamba nitaenda mwenyewe, wasigombane, mimi nataka kwenda. Damu ya kaka ilinidondokea kwenye gauni. Bwana Oto aliingia katikati akapigwa ngumi ya pua, akaanguka, akainuka, akapigwa tena.

Hapo Makuru akaniachia ghafla, nikaanguka na Nyamhanga. Alitambaa mpaka kwenye gogo walilokuwa wanapasulia kuni, akaweka mguu wake wa kulia juu yake, akakunja suruali.

"Goti ni hili," akasema. "Likateni. Yeye hakucheza, mimi ndiye nilicheza."

Nyamhanga aliliona shoka, akalichukua. Wanaume wakarudi nyuma kumpa nafasi. Bwana Oto akaja anachechemea, akakaa chini kando ya Makuru, akanyoosha goti lake lisilokunjika kwenye gogo lile lile.

"Hili lilifundisha lile," alisema. "Anza hapa."

Nyamhanga aliinua shoka. Namwona mpaka leo, machozi yanashuka, maana hata yeye hakuwa mchinjaji, alikuwa mtu aliyefiwa na mdogo wake. Mama yake akainuka.

"Nyamhanga! Mguu nitaupika?"

 Alikuja akamnyang'anya shoka akalitupa kwenye nyavu. Kisha akamgeukia Makuru, akampiga kofi, na lingine, na lingine, kwa mikono yote miwili, usoni, kichwani, kifuani, mpaka yeye mwenyewe akaishiwa pumzi na kukaa chini mbele yake. Makuru hakuinua mkono.

"Masatu alikuwaga ananichotea maji ziwani," akasema. "Alikuwaga anakohoa asubuhi, najua ameamka. Haka katoto katanikoholea? Mguu mkiukata, utanichotea maji?" Alimshika Makuru kidevu, akamgeuza uso. "Unaniona?"

"Nakuona."

"Nakuona nani?"

Damu ilimtiririka Makuru hadi kwenye meno. "Nakuona, mama."

"Utalala kitandani kwake. Utavuta nyavu zake. Ukioa, mtoto wa kwanza ni Masatu. Na mpira hutaugusa." Akamtazama Bwana Oto aliyekuwa bado ameweka goti kwenye gogo. "We mzee, inuka. Rudisha mtoto kwa mama yake."

Bwana Oto hakuinuka mara moja. Aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, mzee mzima mbele ya wanawake, na mama yule alimwacha alie mpaka akamaliza. Sijui kama mtu yeyote wa kwao aliwahi kumpa nafasi hiyo.

Kaka yangu alikuwa na umri wa vijana wanaochaguliwa timu za mkoa. Alibaki Buhare. Alivua, alichota maji, alioa pale, akamzika yule mama kama mtoto anavyomzika mzazi, na yeye mwenyewe tulimzika kando yake. Hakugusa mpira, hata ule wa matambara wa wanawe uliobingirika miguuni mwake. Alikuwa anasimama, anangoja waje kuuchukua. Nimempenda kwa namna ambayo haina maneno, na namlilia hadi leo.

Lakini siku ile mimi sikuwa najua lolote kati ya hayo. Nilichojua ni kwamba nilivalishwa gauni la maua, nimefika mlangoni kwa masista, na mama mkuu wao amenitazama, amenikataa, akamchukua Makuru, mtu mzima ambaye hata kusoma hakutaka. Nililia kutoka Buhare mpaka tukaliacha ziwa nyuma. Niliupiga mlango wa gari mateke. Bwana Oto aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika pua yake iliyovunjika tena.

"Ilikuwa yangu!" nilimpigia kelele. "Ile nafasi ilikuwa yangu mimi, na Makuru ameichukua!"

Akasimamisha gari katikati ya barabara. Akanigeukia, uso wote umevimba.

"Ndiyo," alisema. "Ameichukua."